Saizi ya Fremu ya Baiskeli ya Mbio na Paipu ya Juu Inayoteremka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Baiskeli ya mbio unayoikuta Kisumu, Kakamega, Eldoret au Nakuru mara nyingi ni mtumba. Imekuja bila kitabu, stika zimebanduka, na muuzaji anajua bei kuliko anavyojua vipimo. Majibu haya ni ya mtu anayetaka kununua fremu itakayomkaa, au aliyekwisha kununua na sasa mgongo unamlalamikia. Tunatumia maneno ya fundi: paipu ya kiti ni ile inayopanda kutoka kwenye krenki (pale pedali zinapozungukia), paipu ya juu ni ile unayoivuka ukipanda, na paipu ya kichwa ni ile fupi ya mbele ambamo foko hupita.

Fremu imeandikwa 54. Hiyo 54 ni ya nini?

Ni sentimita, na kwa desturi ni urefu wa paipu ya kiti. Shida ni mahali tepu inapoishia. Wengine hupima kuanzia katikati ya ekseli ya krenki hadi ncha ya juu kabisa ya paipu ya kiti. Kwenye majedwali kipimo hicho huandikwa C-T. Wengine huishia katikati ya kiungo cha paipu ya juu na paipu ya kiti, nacho huandikwa C-C. Kwenye fremu ya chuma ya zamani vipimo hivyo viwili hutofautiana kwa sentimita 1 hadi 2. Kwa hiyo 54 ya C-C na 56 ya C-T zinaweza kuwa fremu ileile.

Baadhi ya fremu zimeandikwa kwa inchi. Zidisha kwa 2.54: inchi 21 ni sentimita 53.3, na inchi 22 ni 55.9.

Fremu za mteremko, yaani zenye paipu ya juu inayoshuka kuelekea kwenye kiti, zimeongeza utata wa tatu. Kiwanda kinaweza kuandika 54 ilhali paipu ya kiti ukiipima ina 49 tu. Hiyo 54 ni saizi ambayo fremu ingekuwa nayo kama paipu ya juu ingelala sawa. Si uongo, ila ukiitafuta kwa tepu kwenye paipu ya kiti hutaiona. Kabla hujauliza fremu ni namba ngapi, uliza imepimwa kutoka wapi hadi wapi.

Kwa nini paipu ya juu ya baiskeli mpya inateremka kuelekea kwenye kiti?

Baiskeli za milimani zilikuwa na mteremko huo tangu zamani, ili mwendeshaji apate nafasi ya kusimama juu ya fremu kwenye ardhi mbaya. Kwa baiskeli za mbio, mabadiliko makubwa yaliletwa na kiwanda cha Giant cha Taiwan mwishoni mwa miaka ya 1990, kupitia fremu ya TCR iliyobuniwa na mhandisi Mwingereza Mike Burrows. Ni yeye pia aliyekuwa nyuma ya wazo la baiskeli ya Lotus aliyoiendesha Chris Boardman aliposhinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Timu ya ONCE ya Uhispania ilipoanza kushindana na TCR, macho yalizoea, na viwanda vingine vikafuata.

Sababu za uhandisi zipo: pembetatu za fremu zikiwa ndogo, paipu ni fupi, hivyo fremu huwa ngumu zaidi kujipinda na nyepesi kidogo. Lakini sababu nyingine ilikuwa ya kibiashara, na mnunuzi anapaswa kuijua. Fremu za mlalo zilihitaji saizi nyingi, kila moja ikipishana na nyingine kwa sentimita 1 au 2. Kwa mteremko, kiwanda kiliweza kutengeneza saizi chache, S, M na L, kisha tofauti za watu zikafidiwa na nguzo ya kiti (ile inayoingia ndani ya paipu ya kiti) ndefu na stemu (kile kipande kinachoshika usukani) za urefu mbalimbali. Hapo ndipo kazi ya kujipima ilipohama kutoka kiwandani ikaja kwako.

Kwa hiyo fremu ya mteremko ya 50 ni ndogo kuliko ya mlalo ya 56?

Si lazima. Chukua fremu mbili. Ya kwanza ni ya chuma, ya zamani: paipu ya kiti 56, paipu ya juu imelala sawa na ina 55.5. Ya pili ni ya alumini: paipu ya kiti 50, paipu ya juu inateremka, lakini ukivuta mstari wa mlalo kutoka juu ya paipu ya kichwa hadi kwenye nguzo ya kiti unapata 55.5. Mtu mmoja akipanda zote mbili, kiti na usukani vikiwekwa mahali palepale, mwili wake hautajua tofauti. Kilichobadilika ni kwamba kwenye ya pili nguzo ya kiti imetokeza sentimita 6 zaidi.

Mtu akiikataa ya pili kwa sababu "ni 50 na mimi ni mrefu", amekosa baiskeli yake. Na kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi: mtu anayejua kwamba yeye ni 50 anaona 50 kwenye fremu ya mteremko, anainunua, kisha anajikuta amejinyoosha kama anayefua nguo kwenye karai la mbali.

Nitapimaje urefu huo wa mlalo bila jedwali la kiwanda?

Unahitaji tepu, kipande cha uzi, na pima maji ya fundi mwashi. Simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yote mawili yakiwa yamejaa upepo. Tairi la nyuma likiwa bovu, baiskeli nzima inalala nyuma na vipimo vyote vinapotoka.

Shika ncha moja ya uzi katikati ya mdomo wa juu wa paipu ya kichwa, yaani pale fremu inapoishia na kombe la beringi kuanza. Usianzie juu ya spesa (zile pete za chini ya stemu) wala kwenye stemu. Vuta uzi kwenda nyuma hadi ufike kwenye nguzo ya kiti. Weka pima maji chini ya uzi bila kuugusa kwa nguvu, uinue au ushushe upande wa nyuma mpaka povu lile la ndani yake likae katikati. Sasa uzi umelala. Pima urefu wake kutoka mbele hadi katikati ya unene wa nguzo ya kiti, si hadi ukingo wake. Nguzo nyingi zina unene wa milimita 27.2, kwa hiyo ukiishia ukingoni umepoteza karibu sentimita 1.4, ambayo ni tofauti ya saizi nzima kwa baadhi ya viwanda.

Rudia mara mbili. Ukipata namba zinazopishana kwa zaidi ya nusu sentimita, uzi ulilegea au sakafu ina mwinuko.

Staki na richi ni nini?

Ni vipimo viwili ambavyo havijali kama paipu ya juu imelala au imeteremka. Staki ni kimo cha wima kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi katikati ya mdomo wa juu wa paipu ya kichwa. Richi ni umbali wa mlalo kati ya nukta hizohizo mbili. Staki inakwambia usukani unaweza kukaa juu kiasi gani. Richi inakwambia uko mbali kiasi gani ukiwa umesimama kwenye pedali.

Kwa nini visitoshe vipimo vya uzi tulivyoeleza? Kwa sababu ya pembe ya paipu ya kiti. Fremu mbili zinaweza kuwa na urefu wa mlalo wa 55 kila moja, moja ikiwa na pembe ya nyuzi 73 na nyingine 74. Ile ya 74 paipu yake ya kiti imesimama zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya zile 55 iko mbele ya krenki. Mwendeshaji akirudisha kiti chake nyuma mpaka goti likae vizuri juu ya pedali, usukani wa fremu hiyo utakuwa mbali zaidi kwa karibu sentimita 1. Kwenye karatasi ni sawa, barabarani si sawa.

Kupima staki na richi kunahitaji ukuta. Sogeza baiskeli mpaka tairi la nyuma liguse ukuta, ikiwa imesimama wima kabisa. Pima kwa mlalo kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya krenki, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya mdomo wa paipu ya kichwa. Kwa nukta hiyo ya pili, teremsha timazi hadi sakafuni na upime pale chini. Ni rahisi kuliko kushika tepu hewani. Toa namba ndogo kwenye kubwa, umepata richi. Kisha pima kimo cha nukta zote mbili kutoka sakafuni na utoe tena, umepata staki. Mfano: ukutani hadi krenki 74.3, ukutani hadi kichwa 112.7, richi ni 38.4. Kimo cha krenki 27, kimo cha kichwa 81.5, staki ni 54.5. Hiyo ni fremu ambayo viwanda vingi vingeiita 54, hata kama paipu yake ya kiti ina 48.

Nijipime mguu vipi?

Vua viatu. Simama mgongo ukiwa umegusa ukuta, miguu ikiachana sentimita 15 hivi. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kipandishe katikati ya mapaja, mgongo wa kitabu ukiwa juu, ukibane kwa nguvu kama vile kiti cha baiskeli kinavyokubana. Ukingo wa kitabu lazima uguse ukuta ili kisiiname. Mtu mwingine aweke alama ya penseli ukutani juu ya kitabu. Pima kutoka sakafuni hadi alama.

Usitumie urefu wa ndani wa suruali. Mshono wake huanza chini ya msamba na kuishia juu ya sakafu, na inaweza kukupunja sentimita kadhaa.

Nikishajua urefu wa mguu, ninafanya hesabu gani?

Hesabu inayojulikana zaidi ilienezwa miaka ya 1980 na mwendeshaji Mmarekani Greg LeMond pamoja na kocha wake Mfaransa Cyrille Guimard. Zidisha urefu wa mguu kwa 0.883 upate kimo cha kiti, kikipimwa kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti, ukifuata mstari wa paipu ya kiti. Kwa saizi ya fremu ya mlalo, zidisha kwa 0.65 upate C-C au kwa 0.67 upate C-T.

Mguu wa sentimita 82: kiti kitakuwa 72.4, fremu 53.3 kwa C-C, au 54.9 kwa C-T. Kwa fremu ya mteremko, hesabu ya kiti inabaki ileile, lakini ile ya fremu iache. Haina maana kwenye paipu ya kiti iliyofupishwa makusudi.

Kimo cha kiti ni mahali pa kuanzia tu. Kihakiki hivi: kaa kitini, shikilia ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukihamisha unyayo mahali pake pa kawaida, goti litapinda kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Fanya hivyo ukiwa na viatu utakavyoendeshea. Soli nene hubadilisha kimo.

Nipeni basi saizi kwa urefu wa mtu.

Tunaitoa kwa kusita, maana watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana kwa sentimita 5 za mguu. Ukihesabu urefu wa mlalo wa paipu ya juu: mtu wa sentimita 160 hadi 165 aanze na 50 au 51, wa 165 hadi 170 aanze na 52 au 53, wa 170 hadi 175 ajaribu 53 na 54, wa 175 hadi 180 ajaribu 55 na 56, wa 180 hadi 185, 56 na 57, na aliyezidi hapo, 58 kwenda juu.

Rafiki yangu ana M na mimi nina M, mbona yake ni kubwa?

Herufi si kipimo. M ya kiwanda kimoja inaweza kupishana na M ya kingine kwa sentimita 1 au 2 za urefu wa mlalo, na hata ndani ya kiwanda kimoja, M ya mashindano huwa na staki fupi kuliko M ya safari ndefu. Pima.

Nina miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Fremu ya mteremko inanisaidia?

Inakusaidia kuliko mtu mwingine yeyote, ila ukijua pa kuangalia. Kwenye fremu ya mlalo miguu mirefu ilikulazimisha kununua fremu kubwa ili kiti kifike juu, na fremu kubwa ilikuja na paipu ya juu ndefu isiyolingana na mikono yako. Kwenye ya mteremko unaweza kuchagua kwa urefu wa kiwiliwili, kisha ukapandisha nguzo ya kiti.

Mtego uko mbele. Fremu iliyo fupi kwa urefu huwa pia fupi kwa kimo cha kichwa. Kiti chako kimepanda hadi 75, usukani umebaki chini, na sasa tofauti kati yao imefika sentimita 12. Kijana anayefanya mazoezi kila siku Iten anaweza kuivumilia. Anayeendesha Jumamosi hadi Ahero na kurudi Kisumu atashuka akiwa ameshika shingo. Kwa mtu wa miguu mirefu, tafuta fremu yenye staki kubwa na richi fupi, zile zinazotengenezwa kwa safari ndefu.

Mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi naye ananufaika kwa namna nyingine: anachukua fremu ndefu bila paipu ya juu kumgusa akisimama. Nafasi ya sentimita 2 hadi 5 kati ya paipu na mwili, ukiwa umevaa viatu, inatosha barabarani.

Nguzo ya kiti inaonekana ndefu mno. Itavunjika?

Nguzo ya urefu sahihi haivunjiki kwa sababu ya kutokeza. Kinachovunja ni kuingia kidogo. Kila nguzo ina mstari wenye maandishi ya kikomo. Mstari huo usionekane nje. Zaidi ya hapo, ncha ya chini ya nguzo lazima ipite chini ya mahali paipu ya juu na vile vyuma vyembamba vya nyuma vinapoungana na paipu ya kiti. Isipopita, uzito wako wote unaning'inia kwenye ncha ya paipu juu ya kiungo, na kila shimo la barabara linaipanua. Ufa huanza kwenye ule mkato wa nyuma unaobanwa na bolti, au chini kidogo ya kiungo.

Kwa yule wa kiti cha 72.4 kwenye fremu yenye paipu ya kiti ya 50, kiti kitakuwa sentimita 22.4 juu ya paipu. Toa kama 5 za kimo cha kiti chenyewe juu ya vyuma vyake, zinabaki 17.4 za nguzo inayoonekana. Ongeza angalau 10 za kuingia ndani. Unahitaji nguzo ya sentimita 27.4 au zaidi. Nguzo ya 25 haifai. Chukua ya 30 au 35, na ukiinunua pima unene wake kwa kalipa: 27.2 na 27.0 zinafanana kwa macho, lakini ndogo itateleza ndani kila ukipita bampa, na fundi akiizungushia bati la kopo amekuahirishia tatizo tu.

Kabla ya kulipia mtumba, mwambie muuzaji achomoe nguzo yote. Ikigoma kutoka, alumini imeshikana na chuma kwa kutu, na huenda hutaweza kurekebisha kiti kamwe. Hii peke yake inatosha kuiacha baiskeli.

Muuzaji anasema stemu fupi itarekebisha kila kitu. Ni kweli?

"Bosi, hii ni saizi yako kabisa, tutabadilisha tu hapa mbele." Maneno hayo yana ukweli wa sentimita 2. Stemu za kawaida za baiskeli ya mbio ni milimita 80 hadi 130. Fremu ikija na ya 110, unaweza kushuka hadi 90 bila madhara makubwa. Ukishuka hadi 60 ili kuokoa fremu ndefu, usukani unakuwa mwepesi kupindukia, na unauhisi ukiteremka kwa kasi kutoka Maragoli kuelekea Kisumu: kila mtikisiko wa mkono unahamisha gurudumu.

Kugeuza stemu juu chini kunasaidia kimo. Stemu ya milimita 100 yenye pembe ya nyuzi 6 ikigeuzwa, usukani unapanda karibu sentimita 2 na kusogea kwako kama milimita 6. Kila spesa ya milimita 10 chini ya stemu nayo inapunguza umbali kwa takriban milimita 3, kwa sababu shina la foko (ile paipu ya foko inayopita ndani ya paipu ya kichwa hadi kwenye stemu) limelala nyuma. Kwenye shina la kaboni usirundike spesa zaidi ya sentimita 3 hivi, na bolti za stemu zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi Nm (newton-mita) 5. Spana ya "kaza mpaka ilie" inapasua kaboni kwa ndani ambapo huoni.

Nitajuaje kama shina la foko limekatwa?

Angalia kuna spesa ngapi. Kama stemu imekaa moja kwa moja juu ya beringi na hakuna spesa juu wala chini, mwenye baiskeli wa kwanza alipenda kulala chini, akakata kilichobaki. Shina lililokatwa halirefuki. Kwa fremu ya namna hiyo staki uliyopima ndiyo staki utakayoishi nayo, isipokuwa ubadilishe foko nzima. Watu wengi huangalia rangi na gia, sehemu hii hawaiangalii, na ndiyo inayoamua kama mgongo utapona.

Baiskeli za zamani zenye stemu ya kuingia ndani ya shina ni tofauti: legeza bolti ya juu, igonge kidogo, stemu inapanda. Nayo ina mstari wa kikomo, na usivukwe.

Niko kati ya saizi mbili. Nichukue ipi?

Ushauri wa sokoni ni kuchukua ndogo, kwa kuwa ndogo inaweza kurefushwa na kubwa haifupishwi. Ni kweli kwa urefu, si kweli kwa kimo. Sisi tunapima hivi: weka kiti mahali pake kwanza, kisha uone ni fremu ipi inayoleta usukani kwenye kimo unachokivumilia bila kuzidisha spesa za sentimita 3. Kwa mtu anayeenda mwendo mrefu wenye milima, kama Kisumu hadi Kericho, mara nyingi jibu huwa ile kubwa yenye stemu fupi kidogo. Kwa anayeshindana na mwenye mgongo laini, ndogo.

Nimezoea Black Mamba ya inchi 28. Kwenye baiskeli ya mbio hiyo ni ngapi?

Hiyo 28 ni ya gurudumu, si ya fremu. Usiitumie kuchagua saizi. Ila ina somo lingine la kukuepusha na hasara: rimu ya Black Mamba ya 28 × 1½ ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Baiskeli za mbio za kisasa, zilizoandikwa 700C, zina 622. Baadhi ya za zamani zimeandikwa inchi 27, nazo zina 630. Matairi ya aina hizi tatu hayabadilishani, hata duka likikuhakikishia kwamba "yote ni 28". Ukiwa na fremu ya inchi 27 na unataka kuweka magurudumu ya 700C, pedi za breki zitalazimika kushuka milimita 4. Angalia kama mkono wa breki una nafasi hiyo kabla ya kununua magurudumu.

Fremu ya mteremko inapanda mlima vizuri zaidi?

Tofauti ya uzito ni ndogo, na sehemu yake inaliwa na nguzo ndefu. Barabara ya Chemelil kupanda Nandi Hills haitakusikia ukiwa na mteremko au mlalo. Itakusikia kiti kikiwa chini sana au usukani ukiwa mbali. Kinachoonekana kweli ni starehe: nguzo iliyotokeza sana hujipinda kidogo kwenye lami mbovu na kupunguza mtikisiko unaofika mgongoni.

Kidole cha mguu kinagusa gurudumu la mbele nikikata kona. Fremu ni ndogo?

Huenda ni saizi yako sahihi. Fremu ndogo zenye magurudumu ya 700C mara nyingi huwa hivyo. Kwenye mwendo wa kasi hutageuza usukani kiasi hicho, hivyo hakuna hatari. Hatari iko kwenye mwendo wa polepole, ukizunguka kwenye msongamano wa Kondele ukiwa bado unakanyaga. Zoea kuweka mguu wa upande wa kona juu.

Nimeshanunua. Nitajuaje imenikosa wapi?

Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni kiti kilicho chini. Nyuma ya goti, au nyonga zinazoyumba, ni kiti kilicho juu. Viganja kufa ganzi, shingo kukaza, na kujikuta kila mara umeteleza kwenye pua ya kiti ni dalili za baiskeli ndefu au usukani wa chini. Magoti kukaribia viwiko na kukosa raha ukisimama kwenye pedali ni baiskeli fupi. Rekebisha kwa mpangilio huu: kimo cha kiti, kisha kiti mbele au nyuma, mwisho usukani. Ukianza na usukani utaurudia. Na usisukume kiti mbele ili kufikia usukani. Unatibu mikono na kuumiza magoti. Badili kitu kimoja, milimita 5 kwa wakati, kisha endesha angalau kilomita 30 kabla ya kugusa kingine.

Mtoto wangu ana miaka 13 na anakua. Nimnunulie kubwa?

Hapana. Mchukulie ya mteremko inayomtosha urefu leo, yenye nguzo ndefu na shina la foko lisilokatwa. Kwa miaka miwili hivi utapandisha kiti na kubadilisha stemu. Fremu kubwa kwa mtoto ina maana breki asizozifikia vizuri, na hilo halingoji akue.

Nikienda Kibuye au kwa muuzaji wa Nakuru, nibebe nini?

Tepu ya chuma, uzi, pima maji ndogo, kalipa kama unayo, spana za aleni za milimita 4, 5 na 6, na karatasi yenye namba nne: urefu wa mguu, kimo cha kiti chako, na staki na richi za baiskeli yoyote uliyowahi kuiendesha ukastarehe. Kama hujawahi, azima ya mtu wa kimo chako na uipime. Vaa viatu utakavyoendeshea. Anza kwa kuchomoa nguzo ya kiti, angalia nyufa kwenye mkato wa nyuma na chini ya paipu ya kichwa, hesabu spesa, kisha pima. Bei izungumzwe baada ya hapo.